Sundal, chaat, za oveni au bhuna: dengu gani za viungo zinakufaa nyumbani?

Ukinunua kilo ya dengu kavu kwa nia ya kuachana na chipsi na bhajia za kila jioni, swali linalofuata ni hili: uzipikeje? Wahindi wana majibu mengi, maana nchi yao ndiyo inayolima dengu nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kila upande una mkono wake. Kusini huzichemsha, wakazikaangia viungo na kuzimwagia nazi; hiyo ndiyo sundal. Kaskazini huzichanganya na ukwaju na vitunguu vibichi, wakaziita chaat, au huzipasua ndani ya mchanga wa moto mpaka zikauke na kulia mdomoni kama njugu, nazo ndizo bhuna. Nyumba zenye oveni nazo zimeongeza njia yao.

Nimezipika kwa njia zote nne kwa miaka kadhaa, na watu huniuliza ipi ni bora. Siku hizi kabla sijajibu namuuliza mtu mambo matatu: atazila saa ngapi, atazilia wapi, na nani mwingine atatia mkono kwenye bakuli. Akishanijibu hayo, njia yake huwa imeshajitokeza.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Dengu ninazozisema ni zile Wahindi wanazoziita chana. Msomaji wa Kenya asizichanganye na ndengu, ambazo Tanzania tunaziita choroko. Chana ziko za aina mbili: kabuli, kubwa, za rangi ya maziwa, zenye ganda jembamba, na kala chana, ndogo, za kahawia, ganda gumu na ncha kama mdomo wa ndege. Hizi ndogo zikikobolewa na kupasuliwa ndiyo chana dal, na chana dal ikisagwa ndiyo ule unga wa dengu wa bhajia zetu. Dengu zinazolimwa Shinyanga, Mwanza na Simiyu zina soko kubwa huko India, kwa hiyo tunapozipika kwa mtindo wa huko tunapika mazao ya kwetu.

Nimeziacha nje chana jor garam, zile zilizobanwa zikawa bapa, na chana dal ya kukaanga ya pakiti. Ni tamu, lakini mara nyingi hupitia mafuta mengi, na hapa nasema na mtu anayetaka kuyapunguza.

Vitu vya kuangalia kabla ya kuchagua

Kinachozitenganisha njia hizi nne zaidi ya kitu kingine ni maji. Gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina kalori kama 164, protini karibu gramu 9 na nyuzinyuzi kati ya gramu 7 na 8. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni maji. Zikikaushwa kabisa, gramu 100 zinavuka kalori 350 na protini inafika karibu gramu 20, bila wewe kuongeza chochote. Ndiyo maana bakuli zima la dengu za kuchemsha linashibisha na kukutosha, wakati za kukaushwa unaweza kuzitafuna mbele ya televisheni ukamaliza mara mbili ya ulichokusudia kabla tumbo halijapata habari. Maji hayohayo ndiyo yanayoamua zitakaa siku ngapi bila kuharibika, na ndiyo yanayoamua kama bibi mwenye meno machache ataweza kuzila.

Kwa hiyo kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: mapishi yenyewe, muda na vyombo, zinavyokuwa mwilini (mafuta, chumvi, shibe na tumbo), zinavyokaa, na mtu zinayemfaa.

Msingi wa njia tatu: kuloweka na kuchemsha

Sundal, chaat na za oveni zote huanzia sufuria moja, kwa hiyo nitalisema hili mara moja tu. Chambua, osha, loweka kwa maji mengi, mara tatu ya ujazo wa dengu, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Kikombe kimoja cha dengu kavu kitakupa vikombe viwili na nusu hadi vitatu vilivyoiva. Yamwage yale maji ya kulowekea, kwa sababu sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni imeingia humo.

Kwenye sufuria ya presha kabuli huiva kwa dakika 15 hadi 20 tangu presha ishike. Kala chana huomba dakika 25 au 30. Kwenye sufuria ya kawaida weka hesabu ya saa moja hadi moja na nusu, na zaidi kwa zile ndogo. Usitie ukwaju, ndimu wala nyanya kabla hazijaiva. Ukali huzuia ganda kulainika, na utachochea mkaa mpaka uchoke. Maji magumu, kama yale ya visima vingi vya pwani ambayo sabuni haitoi povu, hufanya vivyo hivyo. Hapo robo kijiko cha chai cha magadi soda kwenye maji ya kulowekea husaidia. Usizidishe: maganda huchubuka, ladha hugeuka ya sabuni, na vitamini za kundi B hupungua. Na kama umeloweka, umechemsha saa mbili na bado punje inagoma, dengu hizo ni za zamani. Dengu zilizokaa ghalani muda mrefu huwa hazilainiki vizuri, hata umpe fundi gani.

1. Sundal: za kuchemsha, za nazi

*Mapishi.* Hii ni ya Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India. Nilifundishwa na jirani yetu wa Kitamil tulipokuwa tunaishi Upanga. Wakati wa Navaratri, zile siku tisa za kati ya Septemba na Oktoba, sebuleni kwake alipanga sanamu ndogo kwenye ngazi za mbao zilizotandikwa kitambaa, na kila mwanamke aliyeingia kuziangalia alitoka na kifurushi cha sundal mkononi. Siku moja dengu, siku nyingine kunde, siku nyingine choroko. Kwa kuwa chakula kile kilitangulia kutolewa kwa ibada, hakuonja hata punje alipokuwa akipika. Chumvi aliipima kwa jicho, na sikumbuki hata siku moja alipokosea.

Alichonionyesha ni hiki. Chuja vikombe viwili vya dengu zilizoiva, ziwe nzima lakini zikibonyea ukizibana kwa kidole. Pasha kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nazi au ya ufuta kwenye karai. Tia kijiko cha chai cha mbegu za haradali na ufunike, maana zinaruka. Zikianza kunyamaza, tia pilipili kavu mbili zilizovunjwa, majani nane au kumi ya mvuje, yale ambayo maduka ya Kihindi huyaita kadi patta, tangawizi kidogo iliyopondwa, na hing kiasi cha ncha ya kisu. Hing ni utomvu mkavu unaonuka vibaya sana ukiwa koponi, lakini ukigusa mafuta ya moto hutoa harufu tamu kama ya vitunguu vilivyokaangwa. Mwaga dengu, chumvi, geuza dakika mbili au tatu. Kisha epua. "Nazi ni ya mwisho, mwanangu," alikuwa akiniambia kila mara, "moto uzime kwanza." Robo kikombe ya nazi iliyokunwa papo hapo kwa mbuzi, na ndimu nusu juu. Nazi ikikaangwa inapoteza ule utamu wa maji wake na sundal yote inakuwa nzito.

Haina vitunguu maji wala vitunguu saumu, kwa kawaida ya siku za ibada, na kwa kweli haivihitaji.

*Muda na vyombo.* Dengu zikiwa zimeshaiva, kazi yote ni dakika 10. Jiko moja, karai moja. Inapikika kwenye mkaa bila shida.

*Mwilini.* Mafuta ni kidogo na unayaona yote kwa macho. Shibe ni ya kweli. Bakuli dogo saa kumi jioni linakufikisha chakula cha usiku bila kuhangaika. Nazi ina mafuta yanayoganda, kwa hiyo aliyeambiwa na daktari achunge kolesteroli atie kijiko kimoja tu kwa harufu, na mafuta ya kukaangia yawe ya alizeti. Hing na tangawizi ni viungo ambavyo Wahindi huvitegemea kutuliza gesi. Mtu mwenye matatizo ya ngano asome kopo la hing kwanza, kwani nyingi ya dukani huchanganywa na unga wa ngano.

*Kukaa.* Hapa ndipo penye udhaifu wake. Nazi mbichi huchacha haraka, na kwenye joto letu sundal isikae nje zaidi ya saa mbili. Ukitaka kubeba kazini asubuhi, beba bila nazi, au weka kwenye friji ukifika.

*Inamfaa nani.* Familia inayokula pamoja, mtoto aliyeanza kula chakula cha watu wazima (ziponde kidogo), mzee, na yeyote asiyependa ukali wa ndimu na ukwaju mwingi. Inamfaa pia anayefunga na kufungua kwa chakula cha mimea kisicho na vitunguu.

2. Chana chaat: za kuchanganya, zenye ukali

*Mapishi.* Ukishakula urojo wa Unguja, hutashangaa chaat. Ni akili ileile: wanga, ukali, pilipili, kitu kibichi na kitu kinacholia, vyote kwenye kijiko kimoja. Chukua vikombe viwili vya kabuli zilizoiva vizuri na kupoa, kiazi kimoja cha kuchemsha kilichokatwa vipande vidogo, kitunguu maji, nyanya, tango, pilipili mbichi, kotimiri. Juu yake mimina rojo la ukwaju vijiko viwili, chatini ya nanaa ukiwa nayo, na kijiko cha chai cha chaat masala.

Hiyo chaat masala ndiyo roho ya chakula hiki. Ndani yake mna bizari nyembamba iliyokaangwa, amchur ambayo ni unga wa embe bichi lililokaushwa, pilipili manga, hing kidogo na kala namak, chumvi nyeusi ambayo ikisagwa huwa ya waridi na hunuka kama yai lililochemshwa. Usiogope harufu hiyo. Ukikamulia ndimu inatulia. Ukiikosa kabisa, kaanga bizari nyembamba bila mafuta, isage, changanya na pilipili manga, chumvi ya kawaida na ndimu nyingi. Haitakuwa ileile, lakini itakuwa tamu.

Watu wa Delhi na miji ya Punjab huila barabarani. Pakistan, mwezi wa Ramadhani, chana chaat ni ya kawaida mezani wakati wa kufuturu, na kwa watu wa pwani yetu inakaa vizuri kabisa pembeni ya tende.

*Muda na vyombo.* Dengu na kiazi vikiwa vimeshaiva, ni kisu na bakuli. Moto hauhitajiki. Lakini hesabu kukatakata: kwa watu sita utasimama pale dakika 20 au zaidi.

*Mwilini.* Ina mboga nyingi kuliko njia nyingine zote, na unaweza kuitayarisha bila tone la mafuta. Nyanya, ndimu na kotimiri vina vitamini C, ambayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, kwa hiyo kama una upungufu wa damu, acha saa moja hivi ipite kati ya dengu na kikombe chako. Hilo ni gumu kwa sisi tunaokula vitafunwa kwa ajili ya chai, lakini lina faida.

Mitego yake ni mitatu. Chaat masala tayari ina chumvi, na watu huongeza nyingine juu. Chumvi nyeusi nayo ni chumvi, isikudanganye kwa jina. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, na kijiko cha chai kimoja kimeshafika hapo. Mtego wa pili ni rojo la ukwaju lililojaa sukari guru. Wa tatu ni sev, zile tambi za dengu zilizokaangwa ambazo hunyunyizwa juu. Konzi moja tu ya sev inarudisha mafuta yote uliyoyakwepa. Mimi huweka punje chache za bhuna badala yake, na sauti inabaki.

*Kukaa.* Haikai. Baada ya nusu saa kitunguu na nyanya vimetoa maji, na chini ya bakuli kuna mchuzi. Weka vitu vyake mbalimbali kwenye friji, uchanganye watu wakiwa wameshakaa. Osha mboga kwa maji salama, kwani hakuna moto utakaokuja kusahihisha.

*Inamfaa nani.* Mwenye wageni, mwenye futari, mtu wa kula mara moja na kumaliza. Inamfaa pia anayepunguza mwili, ukiacha kiazi na kuongeza tango. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia aiangalie kwa tahadhari: ukwaju, pilipili na vitunguu vibichi kwa pamoja si mchezo.

3. Za oveni: kavu nje, laini ndani

*Mapishi.* Kabuli zilizoiva lakini bado ngumu kidogo. Zichuje, zitandaze kwenye kitambaa safi na uzisugue taratibu mpaka zikauke. Maganda yanayobanduka yaondoe. Usiruke hatua hii. Punje yenye maji itajipika kwa mvuke na haitalia hata uiache oveni mchana kutwa. Vikombe viwili vya dengu, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta na chumvi kidogo, trei pana ili zisibebane, nyuzi 200, dakika 30 hadi 40, ukizitikisa mara mbili tatu. Manjano na bizari zinaweza kuingia mwanzoni. Pilipili ya unga, amchur na unga wa vitunguu saumu vingoje mpaka dengu zitoke, ukiwa unazigeuza zingali moto. Mara ya kwanza niliviweka vyote tangu mwanzo, na trei nzima ikawa chungu. Zima oveni, fungua mlango kidogo, ziache humo zipoe.

*Muda na vyombo.* Ukijumlisha kukausha ni saa moja, ingawa nyingi ya hiyo unafanya kazi nyingine. Unahitaji oveni na umeme au gesi ya kutosha. Ile mashine ya kukaanga kwa hewa moto inafanya kazi hiyohiyo kwa dakika 15 hadi 20, ila kwa kiasi kidogo kidogo.

*Mwilini.* Ziko katikati: maji mengi yametoka, mafuta kijiko kimoja yameingia. Pima kwenye kibakuli, usile kutoka kwenye trei.

*Kukaa.* Siku ya kwanza zinalia. Siku ya pili, hasa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa mvua, zimeshavuta unyevu na kuwa kama mpira. Ukizifunga kwenye chupa zikiwa na joto, mvuke wake mwenyewe unazilainisha usiku uleule. Zirudishe ovenini dakika 5 na zitaamka.

*Zinamfaa nani.* Mwenye oveni anayetaka watoto wakubwa waache krispi za pakiti. Mtu anayependa kubuni ladha, maana hubeba kiungo chochote. Na yule anayepika leo kwa ajili ya leo.

4. Bhuna chana: za chumvi ya moto

*Mapishi.* Kaskazini mwa India wapo wachomaji wa nafaka ambao kazi yao ni hii tu: karai kubwa la chuma, mchanga uliopata moto mkali, dengu zinatupwa, zinapasuka, zinachekechwa, mchanga unarudi karaini. Nyumbani chumvi ya mawe huchukua nafasi ya mchanga. Tumia kala chana, zikiwa kavu, bila kuchemsha. Zimwagie maji ya moto yenye manjano na chumvi, funika dakika 15, chuja, tandaza kwenye kitambaa mpaka ganda likauke kabisa. Mimi huziacha usiku mzima. Pasha vikombe viwili au vitatu vya chumvi ya mawe kwenye karai zito mpaka iwe ya moto sana. Tupa konzi moja ya dengu, koroga bila kusimama kwa dakika moja au mbili. Utasikia kwanza mlio mmoja mmoja, kisha kama mvua inayoanza kwenye bati: maganda yanapasuka na njano ya ndani inaonekana. Chota kwa chungio, tikisa chumvi irudi, weka konzi nyingine. Zikishapoa, zinyunyizie amchur na pilipili manga ukipenda, ingawa wengi huzila hivihivi.

Chumvi hiyo huitupi. Itageuka kijivu, na utaitumia kwa kazi hii tena na tena.

*Muda na vyombo.* Karai zito, chungio la chuma na mkono usiochoka. Nusu kilo itakuchukua karibu nusu saa mbele ya moto mkali, mbali na muda wa kukausha. Watoto wasiwe karibu, na dengu zenye majimaji zisiingie kwenye chumvi ya moto, kwani hurusha.

*Mwilini.* Mafuta ya kuongeza hakuna kabisa. Chumvi kidogo hung'ang'ania ganda. Mwenye presha anaweza kuzifikicha kiganjani na kuzipeta kwenye ungo, maganda yakapeperuka na chumvi nyingi ikaenda nayo. Nyuzinyuzi zitapungua, na huko ndiko kulipa gharama. Konzi moja, gramu 30 hivi, ni kalori zaidi kidogo ya 100. Kunywa maji nazo, maana zitayatafuta tumboni.

*Kukaa.* Hapa hazina mpinzani. Zikipoa kabisa na kufungwa kwenye chupa kavu hukaa wiki kadhaa, hata pwani. Zikisagwa zinatoa sattu, unga ambao watu wa Bihar huukoroga na maji baridi, ndimu na bizari nyembamba kujipoza wakati wa joto. Kwa hiyo chupa moja inakupa kitafunwa na kinywaji.

*Zinamfaa nani.* Msafiri, mwanafunzi wa bweni, dereva, mtu asiye na friji, anayekaa ofisini mchana kutwa. Haziwafai watoto chini ya miaka minne au mitano, kwa sababu punje kavu inaweza kumkaba mtoto, wala mwenye meno mabovu.

Ukiangalia hali yako

Ukiwa na mgonjwa wa kisukari nyumbani, zote nne zina nafasi, kwa kuwa dengu hupandisha sukari polepole. Ila kwenye chaat ondoa kiazi na sukari guru. Mwenye ugonjwa wa figo asianze yoyote kati ya hizi kabla ya kuzungumza na daktari wake, kutokana na potasiamu iliyomo.

Kama nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili na bibi wa miaka themanini, pika sundal, uziponde za mtoto. Kama wageni wanakuja Ijumaa jioni na hutaki kuwa jikoni wakifika, ni chaat: kila kitu kimekatwa tangu mchana, unachanganya mbele yao. Kama shida yako ni ile droo ya ofisini yenye biskuti, tengeneza bhuna, na uzifunge kwenye vifurushi vya konzi moja moja. Usipeleke chupa nzima.

Huna friji na unapikia mkaa? Bhuna kwa wiki, sundal kwa siku unayotaka kitu cha moto. Una oveni lakini huna subira ya kukausha punje kwa kitambaa? Basi oveni haitakufaa kwa kazi hii, bora ubaki kwenye sufuria. Na kama tumbo lako linasumbuka na jamii ya kunde, anza na sundal kidogo, vijiko vitatu vinne, kala chana zilizoiva mpaka zimelegea, uongeze wiki hadi wiki.

Kama bado huwezi kuamua, Ijumaa usiku loweka nusu kilo ya kabuli. Jumamosi zichemshe zote bila chumvi na uzigawe mafungu matatu. Moja litie nazi mle siku hiyohiyo, moja liweke kwenye friji liwe chaat Jumapili, na la tatu lichuje vizuri, lifunge kwenye mfuko na uligandishe. Mgeni akipiga hodi bila taarifa, maji ya moto dakika chache yanaliyeyusha, na karai lina kazi ya dakika 10 tu.